Naomba ushauri: nitatofautishaje uchovu wa kemo (dawa za saratani) na dharura ya moyo?

Muuguzi wa Usiku, Nairobi: Wanajukwaa, salamu. Nimehamishiwa wodi ya saratani kutoka wodi ya upasuaji. Hapa karibu kila mgonjwa amechoka, anahema akitoka msalani na moyo unamwenda mbio, hivi kwamba dalili ambazo kule zingenifanya nimwite daktari mara moja huku huonekana za kawaida. Nitajuaje kwamba huyu anasumbuliwa na moyo, wala si dawa au upungufu wa damu?

Sista Mkongwe: Dada, tazama mabadiliko kuliko dalili yenyewe. Aliyelala chali jana na leo anaomba mito mitatu hajachoka tu. Mwenye saratani ya mapafu au ya matiti akianza kuhema hivyo, shuku maji yaliyojaa kwenye utando unaouzunguka moyo, hasa ukiona namba mbili za presha zikizidi kukaribiana, 124/78, kisha 108/80, kisha 94/78, huku mishipa ya shingo imetuna hata akiwa ameketi. Furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, isiharakishwe hapo (wengi huikimbilia kwa sababu mgonjwa anahema), kwani moyo uliobanwa unahitaji damu ya kutosha irudi ili ujae. Tiba ni daktari kuyatoa maji hayo.

Mfamasia: Naongezea chati ya dawa. Fluorourasili, mojawapo ya dawa za kemo, inaweza kuibana mishipa ya moyo, mara nyingi katika mzunguko wa kwanza wa matibabu, hata kwa kijana asiye na historia ya moyo. Akilalamikia kifua, simamisha dripu, mwite daktari, na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ifanywe ndani ya dakika 10. Dozi za doksorubisini, ile dawa nyekundu ya kemo, hujumlishwa maisha yote, na hatari ya moyo kushindwa kazi hupanda sana jumla ikikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Kwa hiyo muulize kama aliwahi kutibiwa kwingine.

Muuguzi wa Usiku: Ahsanteni sana. Na daktari wa zamu akinijibu kwamba ni kemo tu?

Sista Mkongwe: Usimwambie daktari tu kwamba "mgonjwa hayuko sawa". Msomee presha tatu kwa mfuatano, mapigo, oksijeni, hali ya shingo na dawa ya mwisho aliyopewa, kisha umwombe aje na mashine ya kupiga picha ya moyo. Akikawia, mpigie mkubwa wake, na uandike saa ya kila simu kwenye faili.