Tupeane uzoefu: mabinti wa kifugaji mliosoma mjini, yaliwakuta yapi?

Binti Kiteto: Leo konda kaniambia "we mama Mmasai sogea nyuma" na nimevaa suti ya kazini, shanga ni ya mkononi tu. Nimekumbuka chuo. Leteni stori.

Eyasi: Mi Mdatoga, nina zile alama za duara kuzunguka macho. Mwaka wa kwanza mzima naitwa Mmasai, nikikataa wanauliza kwani kuna tofauti? Bibi angesikia angefufuka, Wamasai hao hao ndio waliotuita Mang'ati yaani adui 😂

Mtu wa Pwani: Ila nyie mna ng'ombe kibao, mkopo wa chuo mnauombea nini?

Eyasi: Ng'ombe wepi, unaujua ukame wa 2009 wewe?

Engutoto: Ngoja niseme, limenikaa miaka. 2013 yeyo, yaani mama yangu, alikuja hosteli bila taarifa, katoka Longido kabadilisha basi Arusha mpaka Dar, kavaa zote, shanga za masikio zinagusa mabega, kibuyu cha maziwa kakifunga kwenye kanga. Mlinzi kadhani muuza dawa kamkalisha nje ya geti. Mi natoka lekcha na wenzangu wanne, mmoja akasema oneni mama wa dawa, tukanunue ya tumbo, wakacheka na mi nikacheka. Aliniona. Hakuniita. Nikapita mpaka kona ya steshenari miguu ikagoma, nikarudi mbio nalia, nikainamisha kichwa anishike utosini, ndiyo salamu yetu kwa wakubwa, pale pale mbele ya watu. Akanishika, akasema tu nimekonda. Mpaka leo hajawahi kulitaja.

Binti Kiteto: 😭😭

Kisiki: Yani ulimkana mama mzazi?? Ningekuwa yeye ningegeuza na basi lile lile.

Eyasi: Kisiki nyamaza, hujawahi kuchekwa darasa zima ukiwa huna hata ndugu mjini.

Kisiki: Nimechekwa sana na sijamkana mtu.

Sidai: Dawa yao vaa shanga kila siku watazoea.

Mama Wawili: Usiwadanganye wenzio, intavyuu nenda bila, harusini jiachie.

Sidai: Mimi intavyuu nilivaa na kazi nikapata.

Mama Wawili: Bahati yako.

Nang'ida: Mi walinigongea mlango niwasuke rasta, wakati mjini wanaosuka ni kaka zetu, mi hata mabutu sijui. Nikajifunzia vichwani mwao, elfu tano tano 🤣

Mtu wa Pwani: Engutoto, na maziwa?

Engutoto: Tulikunywa wote watano. Yule wa dawa ya tumbo akaongezwa.