Ushauri: White Sox, timu yetu ya besiboli ya Chicago, wamepoteza mechi 121, je, nikate tena tiketi za msimu ujao?

Mtanga wa Mtaa wa 35 (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Ninaomba ushauri katika jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini nyumbani kwangu limekuwa mjadala wa kila siku wakati wa chakula cha jioni. Ninaishi kusini mwa jiji la Chicago tangu mwaka 2007, na mwanangu mwenye umri wa miaka 11 alizaliwa hapa. Kwa misimu 4 mfululizo nimekuwa nikikata tiketi 2, yangu na yake, za mechi zote za Jumapili ambazo White Sox wanacheza nyumbani. Sasa natakiwa kuthibitisha kabla ya mwezi huu wa Oktoba kwisha kama nitaendelea, na kwa mara ya kwanza mkono wangu ni mzito.

Msimu huu wa 2024 timu imeshinda mechi 41 na kupoteza 121. Katika besiboli ya zama hizi, yaani tangu mwaka 1900, hakuna timu iliyowahi kupoteza mechi nyingi kiasi hicho ndani ya msimu mmoja. Rekodi ya vipigo 120 ya New York Mets ilikuwa imedumu tangu mwaka 1962, na wale Mets walikuwa timu changa iliyoundwa mwaka uleule, kwa hiyo mtu mwenye haki angeweza kuwasamehe. Sisi mwaka 2021 tulishinda mechi 93 na kuongoza kundi letu. Hadi leo sijapata maelezo yanayoniridhisha ya namna ambavyo nyumba nzima inaweza kubomoka hivyo ndani ya miaka 3.

Mwanangu alibandika kalenda kando ya jokofu ili aweke alama kila baada ya mechi: kalamu nyekundu kwa ushindi, penseli kwa kipigo. Siku ya ufunguzi, tarehe 28 Machi, tulifungwa 1-0 na Detroit Tigers ingawa mrushaji wetu (anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani) Garrett Crochet alicheza duru 6 kati ya 9 vizuri sana, nami nikamwambia mtoto kwamba kufungwa namna ile hakuna aibu. Baada ya mechi 25 kalenda ilikuwa na alama nyekundu 3 tu. Kisha ukaja mfululizo wa vipigo 21, kuanzia tarehe 10 Julai hadi tarehe 5 Agosti, sawa na rekodi ya Ligi ya Marekani (American League, moja ya ligi 2 kuu za besiboli) iliyowekwa na Baltimore Orioles mwaka 1988. Ukiutazama ukurasa wa Julai utaona kwamba zile alama za mwanzo zimechorwa kwa upole, lakini kuelekea mwisho wa mwezi penseli imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Tarehe 6 Agosti tuliwafunga Oakland 5-1, na siku 2 baadaye kocha Pedro Grifol akafukuzwa kazi.

Jambo lililoniumiza kuliko yote lilitokea tarehe 24 Septemba, siku ambayo tulikuwa na vipigo 120 tayari. Nilimpeleka mtoto uwanjani ingawa ilikuwa Jumanne na kesho yake alikuwa na shule. Watu wengi walikuja kushuhudia rekodi mbaya ikivunjwa, wakaimba “Uza timu!” kumlenga mmiliki, Jerry Reinsdorf, anayeiongoza klabu hii tangu mwaka 1981. Tulikuwa nyuma 2-0, kisha katika duru ya 8 tukapata mikimbio (yaani pointi) 3 na kushinda 3-2. Mwanangu aliruka hadi kofia ikamdondoka, lakini mtu aliyeketi mbele yetu akarudisha simu yake mfukoni kwa masikitiko, kwa kuwa alitaka picha ya kipigo cha kihistoria. Mtoto akaniuliza kwa nini shabiki wetu amechukia tuliposhinda. Nilikosa jibu. Kipigo cha 121 kilikuja siku 3 baadaye huko Detroit, 4-1.

Ndugu zangu, sisi tuliolelewa na soka tunajua kwamba timu inayofungwa hivi hushuka daraja, na hofu ya kushuka daraja ndiyo inayowakesha viongozi. Besiboli ya Marekani haina kushuka daraja. Timu inapoteza mechi 121, mwakani inaanza palepale, na mgao wake wa fedha za televisheni za kitaifa uko palepale. Kufungwa ninakuvumilia, maana michezo ndiyo hivyo. Ninachoshindwa kukubali ni kwamba anayefanya uamuzi hapotezi kitu, ilhali mtoto anayechora kalenda ndiye anayelipa. Wiki iliyopita ameniuliza kama anaruhusiwa kuwashabikia Cubs, timu nyingine ya besiboli ya jiji hili, ya upande wa kaskazini, kwa sababu darasani wanamcheka. Je, nikate tiketi tena, au niache?

Mama Zuhura

Kaka, usikate. Umelitaja mwenyewe tatizo lenyewe, kwamba mwenye timu hapati hasara, basi hasara pekee anayoweza kuihisi ni kiti kitupu na tiketi isiyonunuliwa. Mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu hii ni ule wa mchezaji Andrew Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka 5, na ulikubaliwa mwishoni mwa mwaka 2022, wakati klabu nyingine zilikuwa zikitoa mikataba ya dola milioni 300. Isitoshe, uwanja tulionao, uliofunguliwa mwaka 1991, ulijengwa kwa fedha za umma, na mwaka huu huu wa vipigo 121 klabu imeomba fedha za umma kwa ajili ya uwanja mwingine karibu na katikati ya jiji. Mimi ninalipa kodi hapa. Sitatoa senti nyingine kwa hiari yangu.

Mzee wa Bridgeport

Mwanangu, mimi nimeifuata timu hii tangu miaka ya 1990. Mwaka 2005, tulipowafagia Houston Astros mechi 4 kwa 0 na kuchukua ubingwa wa kwanza tangu 1917, nilikuwa barabarani na watu nisiowajua tukikumbatiana kama ndugu wa tumbo moja. Furaha ile ilikuwa kubwa kwa sababu ya miaka tuliyongoja, na aliyehamia kaskazini katikati ya safari hakuipata.

Tena nakuomba umwonyeshe mtoto habari za hao hao Detroit. Mwaka 2003 walipoteza mechi 119, wakachekwa nchi nzima, na mwaka 2006 wakacheza fainali. Miaka 3 tu. Kata tiketi, na usimruhusu mtoto ahame kwa ajili ya kuchekwa, maana akihama leo kwa sababu hiyo, kesho atahama na katika mambo makubwa zaidi.

Mama Zuhura

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, mfano wa Detroit unanisaidia mimi. Baada ya ule msimu wa vipigo 119 mmiliki wao alifungua mfuko: mwaka 2004 wakamchukua Iván Rodríguez, na mwaka 2005 wakamchukua Magglio Ordóñez, aliyekuwa mchezaji wetu sisi, kwa dola milioni 75 na miaka 5. Ni Ordóñez aliyepiga mpira uliowapeleka fainali mwaka 2006. Kiasi ambacho Detroit walikitoa karibu miaka 20 iliyopita ili kuinuka, kwetu bado ndicho kilele cha historia yetu yote. Subira bila matumizi haikuwaokoa wao, na haitatuokoa sisi.

Kijana wa Ilala

Mleta uzi, mimi niko Dar na besiboli naifahamu kidogo tu, lakini suala la mtoto nalifahamu. Baba yangu ni Simba, nami nilihamia Yanga nikiwa darasa la 5 kwa sababu ya marafiki, naye hakunikataza. Tulipoteza miaka mingi ya kwenda uwanjani pamoja. Mwulize mtoto kama anawapenda Cubs, au amechoka kuchekwa tu. Majibu hayo mawili hayafanani.

Mwalimu wa Evanston

Nawasalimu wote. Niongeze jambo ambalo mashabiki wengi hawajalitilia maanani. Watu wanadhani kwamba baada ya msimu kama huu tutapewa nafasi ya kwanza mwaka 2025 katika zoezi la kila mwaka ambamo klabu huchagua kwa zamu wachezaji chipukizi. Haitakuwa hivyo. Kanuni za sasa zinaizuia klabu inayochangia mfuko wa pamoja wa mapato kuingia katika bahati nasibu ya kugawa nafasi za mwanzo miaka 2 mfululizo, nasi tulishaingia mwaka huu, tukapata nafasi ya 5 na kumchagua mrushaji Hagen Smith. Mwakani hatuwezi kuchagua kabla ya nafasi ya 10. Kwa hiyo hata ile faraja ya kawaida ya timu dhaifu tumeikosa.

Matumaini yapo kwingine. Timu yetu ya vijana, Birmingham Barons ya jimbo la Alabama, imetwaa ubingwa wa ligi yake mwezi uliopita. Msimu huu alikuwapo pale mrushaji Noah Schultz, kijana mrefu sana anayerusha kwa mkono wa kushoto, naye ni mzaliwa wa hapa hapa Illinois. Ushauri wangu ni kwamba uachane na tiketi za msimu, ununue za mechi moja moja siku mnayoitaka, na fedha itakayobaki umpeleke mtoto Alabama awaone wale vijana kwa karibu.

Mtanga wa Mtaa wa 35 (mleta uzi)

Nimewasoma wote, na ninawashukuru kwa dhati. Kijana wa Ilala, nilimwuliza mtoto swali lako jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema Cubs hawapendi, ila hataki tena kuvaa kofia yetu shuleni. Nimemwambia kofia aivae nyumbani mpaka atakapokuwa tayari, na hapo Mzee wangu utanisamehe, kwa sababu naona miaka 11 ni michache kwa mzigo wote huu.

Tiketi za Jumapili sitazithibitisha. Mama Zuhura amenishinda kwa hoja ya Ordóñez. Tutakwenda mechi chache tutakazozichagua wenyewe, na ratiba ya Birmingham ikitoka nitaomba likizo mapema, kwa kuwa safari ile kwa gari inachukua takriban saa 10. Mwalimu, kama umewahi kufika uwanja wao, naomba uniambie ni upande upi wa viti mtoto ataweza kuwaona warushaji wakipasha misuli kabla ya mechi. Hilo ndilo ombi lake pekee.