Gumzo la ukoo: presha ya Zaituni, wiki ya 31 ya ujauzito

07:12 Mama Zaituni: Asalaam aleykum ukoo. Zai karudi kliniki jana jioni, kadi imeandikwa 152/96. Mkojo hauna protini. Dawa hawajampa, wamesema arudi baada ya siku tatu. Bibi yake anataka aache chumvi kabisa na anywe maji ya ndimu. Wifi Mwajuma upo?

07:40 Shangazi Mwajuma: Waaleykum salaam, nimetoka zamu wodini sasa hivi. Zai ajibu mwenyewe. Kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu au vimulimuli? Maumivu kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia? Mtoto anacheza?

07:43 Zaituni: Shikamoo shangazi. Hakuna hata kimoja. Miguu tu inavimba jioni. Mtoto anacheza sana.

07:51 Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Miguu ya jioni wanayo wajawazito wengi. Ukiamka uso umejaa na pete haitoki kidoleni, hiyo ni habari nyingine. Sasa namba: kuanzia 140/90 ni presha kwa mjamzito, ila hatumbandiki mtu jina kwa kipimo kimoja, kinarudiwa baada ya saa nne au zaidi. 160/110 haina kusubiri. Kinarudiwa ndani ya dakika 15, kikibaki huko ni hospitali muda huohuo, hata kama mtu anajisikia mzima. Na si lazima zifike zote mbili, moja tu yatosha.

07:58 Salim: Kabla hatujaenda mbali, mkanda waliomfunga ulikuwa saizi gani? Shemeji Hamisi, chukua tepu ya fundi cherehani umpime unene wa mkono, katikati ya bega na kiwiko.

08:20 Hamisi: Sentimita 34.

08:24 Salim: Mingi ya mikanda ya kawaida mwisho wake 32. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba bure. Pitia kwenye duka langu la dawa nikuazime mashine yenye mkanda mkubwa. Ila msishangilie mapema, huenda presha ipo kweli.

08:37 Shangazi Mwajuma: Na mpime hivi. Akojoe kwanza, kibofu kikijaa kinapandisha. Asinywe chai ya rangi wala kahawa nusu saa kabla. Akae kwenye kiti chenye mgongo, si kitandani wala kwenye jamvi, nyayo sakafuni, asikunje nne, atulie dakika tano. Mkono uwe mtupu, msifunge juu ya baibui. Uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, ukining'inia chini namba inapanda. Asiongee, nawe Hamisi usimsemeshe. Pima mara mbili, mpe dakika moja katikati, uandike zote. Mnaandika ile nzuri tu halafu daktari anadanganyika!

09:05 Mama Zaituni: Bibi katuma sauti, nawafupishia: anasema ni mawazo na chumvi, zamani hayakuwepo haya.

09:30 Shangazi Mwajuma: Shikamoo yake mwambieni. Yalikuwepo, ila mtu akianguka kifafa akiwa na mimba walisema kapandwa na pepo. Ugonjwa huu unahusu kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, mishipa ya mji wa mimba inatakiwa ipanuke ili damu ifike kwenye kondo kwa wingi. Isipopanuka vizuri, kondo linakosa damu ya kutosha, linamwaga kemikali kwenye damu ya mama, na hizo zinaumiza mishipa mwili mzima. Figo zikiguswa, protini inavuja kwenye mkojo. Ini likiguswa, ndiyo yale maumivu ya chini ya mbavu. Ubongo ukiguswa ni kichwa, macho, kisha degedege. Ndiyo maana hauanzi kuisha mpaka kondo litoke. Dawa inashusha namba tu, kumlinda mama asipate kiharusi wakati mtoto anakua.

09:34 Salim: Kwa hiyo ndimu anywe kwa ladha tu. Chumvi ale kawaida, kuikata kabisa hakuzuii kifafa cha mimba.

18:35 Hamisi: Mkanda mkubwa: 146/94, ya pili 144/92.

18:41 Shangazi Mwajuma: Basi ipo. Siku tatu ni nyingi, kesho asubuhi hospitali ya Bombo. Ulizeni mkojo urudiwe, damu ya figo na ini, hesabu ya chembe sahani (zile za kugandisha damu), na ultrasaundi ya ukuaji wa mtoto. Mkojo kutokuwa na protini jana si cheti cha wiki nzima, unaweza kubadilika ndani ya siku chache.

18:50 Mama Zaituni: Baba yake ana losartan hapa ndani. Si dawa ya presha ileile? Ameze moja usiku huu?

18:51 Salim: HAPANA mama. Losartan, captopril, enalapril, lisinopril zinaharibu figo za mtoto tumboni. Na dawa ya kukojoesha maji kwa ajili ya miguu, asipewe. Kesho huenda wakamwandikia methyldopa, vidonge vya 250 mg, au nifedipine ya kuachia polepole. Methyldopa inalegeza na kuleta usingizi siku za mwanzo, na inachukua siku moja mbili kushika, asiongeze dozi mwenyewe. Nifedipine hiyo inamezwa nzima, haisagwi, haiwekwi chini ya ulimi. Presha ikiporomoka ghafla, mtoto anakosa damu. Nifedipine pia inaleta maumivu ya kichwa, kwa hiyo kichwa kikimuuma msikisie kama ni dawa au ugonjwa. Pimeni, na kama hakipoi kwa panadol aende.

19:02 Mwanahawa: Na mimi je, kaka Salim? Nipo wiki ya 13, na mimba ya kwanza ilikuwa ya kifafa.

19:10 Salim: Wewe usisubiri. Kamuone daktari wiki hii kuhusu aspirini ya 75 mg kila usiku. Inafaa ikianza karibu na wiki ya 12, kabla ya 20. Kwa Zai wakati umeshapita. Ile ya 300 ya maumivu siyo. Muulize na kalsiamu, gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku kwa mafungu, ila isimezwe pamoja na fefo, vile vidonge vya kuongeza damu vya madini ya chuma, zinagombania kuingia mwilini. Achanisha saa mbili.

19:26 Hamisi: Shangazi, akianguka usiku nafanyaje?

19:33 Shangazi Mwajuma: Mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vigumu karibu yake. Usitie kijiko mdomoni, usimbane, usimnyweshe chochote. Piga 115, ni bure, waambie mjamzito ana degedege. Hospitali watamchoma magnesiamu salfeti, sindano mbili za matakoni zinauma na mwili unawaka moto, msiwazuie. Hiyo ni ya kifafa, si ya presha, kwa hiyo dawa nyingine wataongeza. Kila mara watapima pumzi, watagonga goti na kupima mkojo, maana ikizidi inalegeza misuli ya kupumua.
Na Mama Zai, akijifungua msilegee. Presha hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita, na degedege laweza kuja hata mtoto keshazaliwa. Kichwa kikali ndani ya arubaini mtu asiseme ni baridi. Apimwe presha kwanza.

19:40 Hamisi: Tunatoka saa 12. Aende bila kula?

19:42 Shangazi Mwajuma: Ale. Vipimo hivyo havitaki njaa. Chukua kadi ya kliniki na ile karatasi ya namba. Mkojo atautoa hukohuko, wa katikati, asibebe kwenye chupa.