Kupoza injini ya boti: pampu ya mkanda, ya umeme, au bomba la mkukuni?

MvuviKilindoni
Wakuu salaam. Boti yangu ya mbao, futi 28, nimeifunga injini ya gari, Toyota 2L ya dizeli. Maji ya ndani yanazungushwa na pampu yake ya kawaida, halafu yanapozwa na maji ya bahari kwenye kipoozeo. Hayo ya bahari ndiyo yananitesa. Pampu ya mkanda, inayozungushwa na injini, imeshakula impela tatu za mpira (vile vigurudumu vyenye mapezi vinavyosukuma maji) tangu kusi ianze. Mara mchanga, mara mfuko wa plastiki umeziba mdomo wa kuvutia maji, pampu ikazunguka kavu, mpira ukaungua. Impela nikiiagiza Dar, na nauli juu, nakaribia bei ya pampu ya umeme ya kutolea ngama, yaani maji yanayojikusanya ndani chini ya boti. Nataka niing'oe hii ya mkanda niweke ya umeme, volti 12, imeandikwa galoni 1,100 kwa saa. Kuna aliyejaribu?

NahodhaTumbatu
Nilijaribu, nikarudi kwenye mkanda. Pampu ya ngama inatakiwa itoe maji ipumzike, wewe unataka ikeshe usiku kucha. Yangu ilikwenda kama miezi miwili, brashi zikaisha tuko katikati ya mkondo. Ubaya wake inakufa kimya. Injini inanguruma vilevile, mimi nimeshika usukani napiga soga, kumbe chini hakuna tone linalotoka. Nilishtuliwa na harufu ya rangi inayoungua kwenye hedi. Gasketi ikaenda, hedi ikapelekwa kusawazishwa, siku tisa nimekaa pwani nahesabu mashua za wenzangu zikitoka. Mkanda ukikatika, altaneta nayo inasimama, taa ya chaji inawaka mbele ya macho yako.

MvuviKilindoni
Pole sana nahodha. Lakini si ingetosha kuweka kengele ya joto?

FundiShimoni
Ndugu zangu, tupige hesabu kwanza. Injini ikitoa farasi 30, yaani kilowati 22 hivi, joto linaloingia kwenye maji yake nalo linakaribia hapo. Chukua kilowati 20. Ukitaka maji ya bahari yapande digrii 10 tu, yaingie 28 yatoke 38, unahitaji kama lita 30 kwa dakika. Usiyaache yatoke ya moto sana. Yakikaribia digrii 60 chumvi na chokaa vinaganda ndani ya mirija, na hapo utalaumu pampu bure.

Sasa hiyo galoni 1,100 ni kama lita 69 kwa dakika, lakini imepimwa pampu haina mpira mrefu wala haipandishi maji popote. Weka mita moja ya kupanda, kona mbili tatu na mirija myembamba ya kipoozeo. Ikibaki nusu, shukuru. Usiniamini mimi, chukua ndoo ya lita 20 uiweke maji yanapotokea, uhesabu. Ijae kwa sekunde 40 au chini yake.

Jambo jingine: hii ya umeme haiwezi kujivutia maji ikiwa na hewa ndani. Lazima ikae chini ya usawa wa maji, la sivyo itazunguka tu. Ya impela ya mpira inajivutia yenyewe.

Kigoma_Dizeli
Huku ziwani wengi wetu tulishaachana na mjadala huu. Bomba linapita nje, kando ya mkuku (ule uti wa chini ya boti), maji ya injini yanazunguka humo humo yanarudi. Hakuna maji ya nje yanayoingia, hakuna impela, hakuna mfuko. Pampu ni ile ile iliyokuja na injini.

NahodhaTumbatu
Kwenu maji baridi, yasiyo na chumvi, mkuu. Baharini bomba hilo linaotwa na kila kiumbe, na likishavaa koti halipoi. Labda ulikwangue kila unapopandisha boti kupaka.

MvuviKilindoni
Na mimi maji yakipwa boti inalala ubavu mchangani. Bomba la mkukuni litabonyea wiki ya kwanza.

Mswahili_Maskati
Asalaam alaykum. Nafanya kazi ya boti huku Oman. Kabla hujafunga ya umeme nieleze: ekzosi yako inapitisha maji? Nauliza kwa sababu tulikuwa na boti moja, pampu ya umeme imeungwa kwenye swichi ya ufunguo. Asubuhi injini ikagoma kuwaka, tukawa tunapiga stata, tunapumzika, tunapiga tena. Muda wote huo pampu inasukuma maji, na hakuna moshi wa kuyatoa. Yakajaa sailensa, yakarudi mpaka kwenye silinda. Stata ya mwisho ikagonga *ko!* ikasimama. Konrodi, ule mkono wa pistoni, imepinda. Kama utaiweka, waya wake upitie rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme) inayowashwa na presha ya oili, ili pampu ianze injini ikishaunguruma.

MvuviKilindoni
Yangu ekzosi kavu, bomba liko juu kama la trekta. Ila hilo la presha ya oili nimelichukua.

Leo nimefanya kipimo cha ndoo. Nimeazima pampu ya jirani, ile ile ya 1,100. Sekunde 70! Nimerudia mara tatu nikidhani nimehesabu vibaya.

FundiShimoni
Hizo ni lita 17 kwa dakika. Kwa mwendo wa polepole zitatosha. Ukikimbilia soko asubuhi na samaki wanaoyeyushiwa barafu, utachemsha. Na umeme je? Unavua dagaa kwa taa?

MvuviKilindoni
Ndiyo, taa usiku mzima, betri moja ya ampea-saa 70.

FundiShimoni
Basi. Pampu inakula kama ampea 4; saa nane ni ampea-saa 32, karibu nusu ya betri, na taa bado hujazihesabu.

Mimi ningeacha ya mkanda ifanye kazi, ya umeme iwe ya akiba na swichi yake. Kwenye laini ya akiba weka valvu ya kuzuia maji kurudi, maana pampu ya umeme ikisimama iko wazi kama bomba, ya mkanda itakuwa inasukuma maji yatoke tena baharini kupitia hapo. Pesa inayobaki nunua chujio kubwa na kengele ya joto. Impela zako zinakufa kwa uchafu, si kwa ubovu wa mkanda. Tena hesabu mapezi ya zile zilizokatika. Kama hayatimii, yamo ndani ya kipoozeo yameziba mirija.

MvuviKilindoni
Nimefungua kipoozeo. Vipande vitano vya mpira, na kimoja nadhani ni cha aliyeniuzia boti.

NahodhaTumbatu
😂 Pampu ya akiba usiipe mdomo mmoja na ile. Mfuko ukiziba, zitalia zote mbili.

MvuviKilindoni
Mdomo wa pili na koki yake natoboa bamvua ijayo, boti ikikauka.