Baiskeli taratibu penye tambarare Uingereza: Fens, Lincoln–Boston au Romney Marsh?

Binti_Unyanyembe

Wakubwa shikamooni, na wa rika langu habari zenu. Niko Leicester. Baba anakuja kutoka Tabora mwezi wa tano, ana miaka 67, na alipopata viza swali lake la kwanza halikuwa London, lilikuwa baiskeli. Kwao Phoenix ndiyo gari la nyumbani, kwa hiyo pumzi anayo. Kinachogoma ni goti la kulia, na linagoma penye mlima.

Nataka siku mbili, isizidi maili 25 kwa siku, tulale nyumba ya wageni katikati, tusimame popote penye kitu cha kutazama. Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza ni ya Fens, yale mabwawa ya zamani yaliyokaushwa: Cambridge hadi Ely na kuendelea King's Lynn, kwa njia ya taifa ya baiskeli namba 11. Ya pili Lincoln hadi Boston kandokando ya mto Witham. Ya tatu Rye hadi Dungeness, kwenye Romney Marsh, tambarare ya pwani ya kusini-mashariki. Ipi mngempeleka mzee wenu?

KeriaYaNyuma

Marahaba binti. Mimi naishi Cambridge, basi upendeleo upo, lakini nisikilize.

Ukitoka mjini kuelekea Bottisham unaingia Lodes Way, njia inayokatiza mashamba hadi Wicken Fen. Mifereji ya kale unaivuka kwa vidaraja, magari unayasahau. Wicken ni hifadhi ya National Trust, shirika la kutunza urithi, tangu 1899. Mtakuta farasi wadogo wa konik na ng'ombe wa Highland wenye manyoya mpaka machoni, wote wanalisha kwenye majani ya maji. Kutoka hapo mnapita Barway, na kanisa kuu la Ely mnaliona mapema mno, kwa sababu hakuna cha kuliziba. Mnara wake wa katikati uliporomoka 1322, wakajenga badala yake ule wa pembe nane uliopo mpaka leo.

Lakini kitu kitakachomshangaza mzee ni maji. Huku mto uko juu na shamba liko chini. Karne ya 17 Mholanzi Vermuyden alipewa kazi ya kukausha mabwawa haya. Ardhi ni udongo mweusi wa majani yaliyooza, na ulipokauka ukaanza kushuka, na bado unashuka. Kule Holme Fen, karibu na Peterborough, waliizika nguzo ya chuma miaka ya 1850 kichwa chake kikiwa sawa na ardhi. Leo imechomoza kama mita 4.

Na wewe uko Leicester: treni ya Birmingham kwenda uwanja wa ndege wa Stansted inapita kwenu, Ely na Cambridge, hamna haja ya kubadili. Wekeni tu nafasi ya baiskeli mapema.

Upepo_wa_Pemba

Niko Norwich. Namuunga mkono KeriaYaNyuma mpaka Ely, baada ya Ely tunaachana.

Watu wakisikia tambarare wanafikiri wamemaliza kazi. Mlima una kilele, ukifika unateremka. Upepo wa Fens hauna kilele. Hakuna mti, hakuna ua wa miti, unaweza kukanyaga pedeli saa nzima kwa gia ndogo kana kwamba unapanda Usambara. Aghalabu unatoka kusini-magharibi, ndiyo maana wengi huanzia Cambridge kwenda Lynn na si kinyume. Ila mwezi wa nne na wa tano hugeuka mara nyingine ukaja kutoka Bahari ya Kaskazini, na huo ni baridi ya kukata masikio. Si kama kusi na kaskazi kwetu, kwamba ukijua mwezi umejua upepo. Kwa hiyo dada, usiamue leo mtaanzia wapi. Tazama utabiri usiku wa kuamkia safari. Cambridge, Ely, Littleport, Downham Market na King's Lynn zote ziko kwenye reli moja, mnaweza kwenda kwa treni na kurudi kwa baiskeli, au kinyume chake.

Shida yangu na kipande cha Ely–Lynn ni barabara. Ardhi ikishuka na lami inashuka nayo, kwa hiyo unarushwarushwa njia nzima, na kwa vile barabara zimenyooka madereva wanakimbia. Goti litapona, kiuno sijui.

MamaTatu_Kent

Romney Marsh nitaitetea kidogo kisha nitakushauri usije. 😀

Uzuri wake: kondoo kila upande, makanisa madogo ya kale yaliyosimama peke yake nyikani, na kutoka Rye hadi Camber kuna njia iliyotengwa na magari. Dungeness yenyewe haifanani na mahali pengine Uingereza. Ni kokoto tupu hadi baharini, nyumba za mbao zimetawanyika, mnara wa taa wa 1904, na nyuma yake kituo cha nyuklia ambacho hakizalishi tena. Kuna pia treni ndogo ya reli yenye upana wa inchi 15, inafanya kazi tangu 1927, watu wazima wanakaa ndani wamekunja magoti. Mji wa Rye uko juu ya kilima na Mermaid Street ni mawe matupu, hapo teremkeni mkokote baiskeli.

Ubaya: Dungeness haina kituo cha treni ya kawaida. Mtarudi mlikotoka, na kama mlikwenda na upepo mgongoni mtarudi nao usoni. Karibu na Lydd kuna uwanja wa jeshi wa kulenga shabaha, bendera nyekundu ikipepea kuna sehemu hampiti. Halafu kutoka Leicester ni kuvuka London na baiskeli mbili na mzee. Hapana mwanangu.

Njoro_wa_York

Mbona hakuna aliyetaja York–Selby? Ni kama maili 15 juu ya tuta la reli kuu ya zamani. Reli yenyewe ilihamishwa 1983 kwa sababu ya machimbo ya makaa ya mawe ya Selby. Kando ya njia wamepanga mifano ya jua na sayari kwa vipimo vilivyopunguzwa kwa uwiano mmoja, kutoka Jua hadi Pluto ni kilomita 10 na kidogo. Kwa kipimo hicho mwanga unakwenda nusu mita kwa sekunde, yaani hata bibi yangu akiwa na baiskeli ya Black Mamba angeuacha nyuma.

KeriaYaNyuma

Njoro, hiyo nzuri, ila kwa siku mbili ni fupi. Wataimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Binti_Unyanyembe

Asanteni sana. Nimemsomea baba uzi wote kwa simu. Kwenye mito na makanisa alikuwa ananyamaza, Njoro aliposema reli akaamka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sijawaambia: alikuwa fundi wa njia ya reli pale Tabora mpaka kustaafu. Sasa anauliza kama hiyo ya Lincoln nayo ilikuwa reli, na tuta lake likoje.

MpitaNjia_Lincs

Basi mmeshamaliza ubishi, mpeleke Lincoln–Boston. Shikamoo kwa mzee.

Ilikuwa ya kampuni ya reli ya Great Northern, ilifunguliwa 1848, ikapita kwenye ukingo wa Witham kwa sababu mto ulikuwa umeshanyooshwa. Treni za abiria zilikoma kufikia 1970. Jumla ni kama maili 33 na sehemu kubwa iko nje ya barabara. Kituo cha Southrey bado kina jukwaa lake la abiria, mzee atalipima kwa macho. Njiani kuna sanamu nyingi, za ng'ombe wekundu wa Lincoln, za kondoo wa huku, na nyingine zimetokana na mashairi ya Tennyson, ambaye alizaliwa mkoa huu.

Laleni Woodhall Spa, ni katikati na iko nje kidogo tu ya njia. Kama mzee anapenda habari za vita, hoteli ya Petwood pale ndiyo ilikuwa mesi ya maofisa wa Kikosi 617 cha jeshi la anga, wale waliopiga mabomu kuta za mabwawa ya Ujerumani 1943. Siku ya pili mnara wa kanisa la Boston, zaidi ya mita 80, mtauona mbele yenu kwa muda mrefu na hautasogea. Mwambie asiuamini.

Tahadhari tatu. Katikati maduka ni haba na jikoni za baa hufungwa mapema mchana, kwa hiyo chapati na chupa ya chai viwe kwenye keria. Mjini Lincoln njia inaanzia bondeni, ila kanisa kuu liko juu ya Steep Hill, na mlima wake hautanii. Fungeni baiskeli chini, pandeni kwa miguu polepole. Na bebeni tyubu mbili za akiba, miiba ya ua wa miti huku haina huruma na tairi nyembamba.

Upepo_wa_Pemba

Na upepo hapo mnaushinda kwa treni. Leicester–Lincoln ipo ya moja kwa moja. Boston mnapanda ya kwenda Nottingham kisha mnabadili kurudi Leicester. Ikivuma kutoka mashariki, geuzeni, anzieni Boston.

MamaTatu_Kent

Ila msiende Jumamosi ya jua. Treni hiyo ya Nottingham inatoka Skegness na hujaa watu wa ufukweni, baiskeli mtaisimamisha wapi?

Binti_Unyanyembe

Jumanne na Jumatano basi. Baba anasema baiskeli ya kukodi haina neno, ila spana atakuja nayo mwenyewe.