Florida Gators: magadi wakuu wameondoka, je, Lee na Fland wanatosha?

GataWaBenchi
Wakuu, salamu. Ubingwa wa 2025 wa kikapu cha vyuo Marekani tumeshaushangilia vya kutosha, sasa tupige hesabu za msimu wa 2025-26. Tangu tuifunge Houston 65-63 pale San Antonio, karibu safu nzima ya nyuma, yaani magadi wanaopandisha mpira na kupiga kutoka mbali, imehama. Walter Clayton Jr., Alijah Martin na Will Richard wamekwenda NBA, Denzel Aberdeen kaibukia Kentucky. Clayton alikuwa na wastani wa pointi 18.3, Martin 14.4, Richard 13.3. Hizo ni pointi 46 kila mechi. Walioingia ni Xaivian Lee wa Princeton (16.9) na Boogie Fland wa Arkansas (13.5), jumla 30.4. Zile 15.6 zilizobaki nani anazileta? Na kama kikosi sasa kinaruhusiwa watu 15, kwa nini kocha Golden asisajili mpigaji mmoja zaidi wa pointi tatu?

KonaYaKushoto
Mkuu, pointi hazihami na mchezaji kama begi. Lee alizipata zile 16.9 mpira ukiwa mkononi mwake karibu muda wote, tena kwenye ligi ya Ivy, iliyo nyepesi kuliko yetu ya SEC. Anza na dakika: timu ina dakika 200 za kugawana kwa mechi, watu 5 mara dakika 40. Mbele, Condon kajitoa kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA) akarudi, Haugh yupo, Chinyelu yupo. Ukimsogeza Haugh acheze namba 3 (pembeni), anameza sehemu kubwa ya dakika za Richard, na yeye, Condon na Chinyelu wote watapiga zaidi ya msimu uliopita. Zile 15.6 zitatoka mbele, mimi hazininyimi usingizi.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: Martin na Richard walikuwa hatari bila mpira. Lee (asisti 5.5) na Fland (5.1) wote ni watu wa kushika usukani. Clayton mwenyewe alikuwa na 4.2 tu, kwa sababu mara nyingi alianza kama mpigaji.

Chukueni tukio moja. Fland anapanda, Chinyelu anamwekea skrini juu ya duara, yaani anasimama kumzibia njia beki wa Fland. Beki wa Chinyelu hamfuati, anarudi kusimama chini ya kikapu, maana anajua Chinyelu hapigi kutoka nje. Lee yuko upande wa pili kasimama, mikono kiunoni, anasubiri zamu yake. Beki wake naye anaweka mguu mmoja ndani ya eneo la rangi, lile la mbele ya kikapu. Fland akiingia anakutana na watu wawili, analazimika kurusha ule mpira mwepesi wa juu kutoka mita tatu hivi. Ukiingia sawa, lakini huwezi kuishi kwa huo mtupo mechi nzima ya SEC.

Dawa yake: skrini aweke Condon. Mabeki wawili wakimfuata Fland, Condon anapokea kwenye mstari wa mitupo huru, anageuka, na sasa ni wanne dhidi ya watatu. Chinyelu asimame kando ya mstari wa mwisho, hatua mbili kutoka kikapuni, akisubiri mpira wa juu. Haugh kona. Lee akate kuelekea kikapuni mara tu beki wake anapogeuza kichwa, au apige hapohapo anapopokea, bila kudunda kwanza. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua msimu wake. Anayezoea kudunda mara mbili kabla ya kupiga anampa beki muda wa kurudi.

SkriniMbovu
Wote mnajadili mashambulizi. Nani anamkaba gadi bora wa mpinzani? Kazi hiyo walikuwa wanapokezana Martin na Richard, ndiyo maana Clayton alikuwa na miguu ya kufunga 34 dhidi ya Auburn kwenye nusu fainali. Fland ana futi 6 na inchi 2, na msimu uliopita alifanyiwa upasuaji wa kidole gumba katikati ya ratiba. Mkipanga Haugh kwa namba 3, mnamtaka akimbizane na wapigaji wanaozunguka skrini tatu tatu. Anaweza, ila makosa yataanza kuhesabika mapema.

KanuniKwanza
Nijibu la usajili, maana watu wanachanganya mambo matatu.

Kwanza dirisha. Lango la uhamisho, yaani orodha ya wanaotaka kuhama chuo, mwaka 2025 lilifunguliwa Machi 24 likafungwa Aprili 22. Tarehe hiyo inahusu kuandikisha jina tu. Kuchagua chuo unaweza hata baadaye, ndiyo maana Fland alikuwa bado anapima upepo wa drafti na akaja kwetu Mei. Mwisho wa kujitoa kwenye drafti kwa upande wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ulikuwa Mei 28. Asiyekuwa ameandikisha jina na kocha wake hajaondoka, usimhesabu. Waliobaki sokoni ni masalia, au vijana wa kutoka ng'ambo.

Pili nafasi 15. Zamani ufadhili wa masomo ulikuwa 13. Baada ya suluhu ya kesi ya House (ya malipo kwa wanamichezo wa vyuo), aliyoipitisha jaji Juni 6, 2025, kikomo ni wachezaji 15 na wote wanaweza kupewa ufadhili. Lakini nafasi siyo pesa. Kila chuo kilichojiunga na suluhu hiyo kiliruhusiwa kuwagawia wachezaji hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26, kuanzia Julai 1, 2025, kwa michezo yote. Ufadhili mpya unaoongezwa unakatwa humohumo, hadi milioni 2.5, kwa hiyo taslimu inaweza kushuka hadi 18. Mgao unaotajwa sana ni asilimia 75 kwa futboli ya Kimarekani na 15 kwa kikapu cha wanaume. Asilimia 15 ya 18 ni milioni 2.7. Gawanya kwa kikosi kizima uone kama unapata mpigaji wa nguvu. Mikataba ya nje ya chuo, ile ya kutumia jina na sura ya mchezaji, ya dola 600 kwenda juu nayo lazima ipite kwenye mfumo wa NIL Go ukaguliwe kama kuna biashara ya kweli. Ndiyo maana vikundi vya wafadhili vilikimbizana kulipa kabla ya Julai 1.

Tatu masomo, na hapa ndipo dili nyingi hufa kimyakimya. Tangu 2024 mtu anaweza kuhama mara nyingi na kucheza bila kukaa nje mwaka, mradi masomo yamekaa sawa. Anayeingia mwaka wa nne lazima awe amemaliza asilimia 60 ya mahitaji ya shahada anayoisoma kwenye chuo kipya. Kozi zisipokubaliwa, asilimia inashuka na hachezi. Kocha mwenye akili anaomba nakala ya matokeo kabla ya kuahidi chochote.

Wageni nao wana lao: viza ya F-1 inabana kazi, na Condon, Chinyelu, Lee na Klavzar wote si Wamarekani. Malipo yao yanataka mwanasheria.

GataWaBenchi
Nimekuelewa mkuu, asante. Basi mpigaji atoke ndani. AJ Brown aliyetoka Ohio au Klavzar?

KonaYaKushoto
Kwa kuanzia benchi, Klavzar. Mfumo anaujua tayari, na anapiga akiwa amesimama, ndicho tunachokosa. Brown ni mrefu zaidi, huyo atamsaidia Haugh kupumzika kwenye ulinzi, kwa hiyo hoja ya SkriniMbovu inapata nusu ya jibu. Lloyd na Ingram ni mwaka wa kwanza, msiwape dakika 20 vichwani mwenu.

SkriniMbovu
Nusu kweli. Lini watazoeana? Kiangazi ni wiki 8 tu, saa 8 kwa wiki, na mafunzo ya uwanjani hayazidi 4 kati ya hizo.

KanuniKwanza
Mazoezi rasmi yanaruhusiwa siku 42 kabla ya mechi ya kwanza, na ndani yake unafanya 30. Tunafungua na Arizona Las Vegas Novemba 3, 2025, kwa hiyo mapema kabisa ni Septemba 22. Siku ya kwanza tutazame nani anamwekea Fland skrini.