Mrejesho: alamu za chati ya uzito wa unga
Wakuu, niliuliza kwa nini chati ya mashine yetu ya kupakia unga kilo 2 inapiga alamu kila saa na mifuko iko poa. Kumbe niliwasha sheria zote 8 za Nelson (vigezo vya kutambua kwenye chati kwamba mashine imeanza kwenda kombo) kwa mkupuo, na kila sheria unayoongeza inakuja na alamu zake za uongo. Ile ya pointi (kipimo kimoja kwenye chati) kutoka nje ya sigma 3 (mara tatu ya mtawanyiko wa kawaida kutoka mstari wa kati) peke yake hupiga bure kama mara 1 kwa pointi 370, zile 4 za Western Electric (seti nyingine ya sheria kama hizo) pamoja ni kila pointi 92 hivi! Nimebakiza hiyo ya sigma 3 na ya pointi 9 mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati. Jana usiku hii ya pili ikalia, vijana wa zamu wakafungua, unga umegandamana mdomoni mwa hopa (chombo kinachomwagia mashine unga). Zamani wangezima tu waendelee. Asanteni sana.